Samaki Wanapotweta Alfajiri: Oksijeni Kwenye Bwawa na Kizimba

Bwawa likikosa oksijeni, samaki hufa kwa saa zinazojulikana: kati ya saa 9 usiku na saa 1 asubuhi. Wakubwa hutangulia, wadogo husalia. Walio hai utawakuta juu ya maji, midomo wazi, wamesongamana pale maji mapya yanapoingilia, wala hawakimbii kivuli cha mtu. Kama ndivyo hali ilivyo kwako sasa hivi, ruka hadi sehemu ya dharura, fanya kazi, urudi kusoma mengine baadaye.

Ukikuta wamekufa saa 8 mchana jua likiwaka, wakubwa kwa wadogo kwa pamoja, na vyura na wadudu wa majini nao wameelea, hiyo si dalili ya kukosa hewa. Shuku sumu, hasa dawa ya shambani iliyosombwa na mvua au pampu ya dawa iliyooshewa mferejini. Chukua chupa safi ya maji na samaki wawili watatu kwenye barafu, umwite afisa uvuvi kabla hujabadilisha maji.

Yanayofuata yanahusu mabwawa ya sato na kambare, na vizimba vya nyavu vya Ziwa Victoria. Tunashikilia jambo moja: samaki wa alfajiri huokolewa jioni. Anayesubiri kuwaona wanatweta ameshachelewa saa kadhaa, na atakachookoa ni sehemu tu.

Hewa iliyomo majini ni ndogo mno

Lita moja ya hewa tunayovuta ina takriban miligramu 280 za oksijeni. Lita moja ya maji yaliyoshiba oksijeni, kwenye usawa wa bahari, ina miligramu 9.1 maji yakiwa nyuzi 20, miligramu 8.3 yakiwa nyuzi 25, na 7.6 yakiwa nyuzi 30. Maji yakipata joto, oksijeni inapungua wakati uleule samaki anapohitaji zaidi. Mwinuko nao unapunguza: Mwanza na Kisumu, ufukweni mwa ziwa lililo mita 1,134 juu ya bahari, maji ya nyuzi 25 hushiba kwa takriban miligramu 7.2. Kwa hiyo usishtuke kipimo chako kikigoma kufika 8 asubuhi. Huenda kipimo ni kizima na ni mlima unaosema.

Samaki huvuta oksijeni hiyo kwa matamvua, yale mashavu mekundu yaliyojificha chini ya kifuniko. Damu inapita upande mmoja, maji upande wa pili, na ngozi iliyo katikati ni nyembamba mno. Oksijeni ikipungua majini samaki huanza kupiga vifuniko haraka haraka ili maji mengi zaidi yapite, na kazi hiyo yenyewe inakula oksijeni. Ikipungua zaidi, misuli huanza kuunguza sukari bila oksijeni na kujaza asidi kwenye damu. Asidi nayo inaifanya hemoglobini, kibeba oksijeni cha damu, ishindwe kushika oksijeni kidogo iliyobaki. Ndiyo maana samaki aliyefika hatua hiyo anaweza kufa hata baada ya kutiwa kwenye maji mazuri, na ndiyo maana kumkimbiza kwa wavu wakati huo ni kummaliza.

Kwa sato, jipangie hivi. Miligramu 5 kwa lita na kuendelea, anakula na kukua vizuri. Kati ya 3 na 5 anaishi, lakini chakula unachomwaga hakirudi kuwa nyama ipasavyo. Chini ya 3 hamu ya kula inapungua na maradhi yanapata mlango. Chini ya 1 anaweza kustahimili muda mfupi, si usiku mzima. Kambare mkubwa ana kiungo cha kupumulia hewa juu ya matamvua, ndiyo maana unamwona akipanda kuvuta pumzi na kushuka hata kwenye tope. Wengi hujidanganya hapo: vifaranga vya kambare hawana kiungo hicho tangu kuanguliwa. Kiungo hukomaa baada ya wiki mbili tatu hivi, na kabla ya hapo wanategemea maji kama samaki mwingine yeyote.

Nani anakula oksijeni usiku

Mchana mwani unaoyapa maji rangi ya kijani hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua. Kilele ni saa 9 hadi 10 alasiri. Jua likizama utengenezaji unakoma, na mwani uleule unaanza kupumua, yaani unakula. Kiwango hushuka usiku kucha hadi kabla tu ya mapambazuko.

Chukua bwawa la mita za mraba 300, kina cha wastani mita 1. Lina maji mita za ujazo 300. Jioni likiwa na miligramu 8 kwa lita, ghala lote lina kilo 2.4 za oksijeni. Tuseme lina sato 600 wa gramu 300, yaani kilo 180 za samaki. Kilo moja ya sato hutumia kama robo gramu kwa saa. Kwa saa 12 ni gramu 540, sawa na kushusha miligramu 1.8 kwa lita. Mwani na bakteria kwenye maji yenye rutuba huweza kula miligramu 0.3 kwa lita kila saa, jumla 3.6. Tope la chini linachukua kama 0.7. Asubuhi imebaki 1.9.

Angalia mgao huo: samaki wamekula chini ya theluthi moja ya kilichotumika. Mlaji mkuu ni maji yenyewe, na maji yamejaa rutuba kwa sababu ya samadi na chakula ulichoweka. Mfugaji anayepunguza samaki bila kupunguza samadi amepunguza mlaji mdogo.

Sasa ongeza siku mbili za mawingu. Jioni ya kuanzia haitakuwa 8, labda 5. Matumizi ya usiku hayajabadilika. Hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Mvua kubwa ya ghafla ina hatari yake. Maji ya mvua ni baridi na mazito kuliko tabaka la juu lililopashwa na jua. Huzama, na maji ya chini yasiyo na oksijeni, yenye harufu ya mayai viza, hupanda juu. Bwawa zima linachanganyika kwa dakika chache. Mvua hiyohiyo huleta kinyesi cha zizi na udongo kutoka juu, usipochimba mtaro wa kuyakinga maji ya kilimani.

Kupima bila kubahatisha

Anza na sahani ya uwazi, haina gharama. Kata bati au kifuniko cha ndoo kiwe duara la sentimita 20, kigawe robo nne, upake robo mbili zinazotazamana rangi nyeupe na mbili nyeusi. Toboa katikati, pitisha kamba, funga jiwe chini, weka alama ya rangi kwenye kamba kila sentimita 10. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, jua likiwa mgongoni mwako, ishushe mpaka ipotee machoni, soma kina, ipandishe mpaka ionekane tena, soma, chukua wastani. Sentimita 25 hadi 40 ni maji mazuri. Chini ya 20, na rangi ni ya kijani, mwani umezidi: acha samadi leo, si wiki ijayo. Kama maji ni ya kahawia kwa udongo, kipimo hiki hakikuambii chochote juu ya mwani, usikitumie kuamua.

Kipima oksijeni cha umeme kina thamani ukikitunza. Aina ya mwanga ni rahisi kutunza. Aina ya utando inahitaji maji yatiririke mbele yake, kwa hiyo uitikise polepole unaposoma, maana ukiituliza inakula oksijeni iliyo mbele yake na kukuonyesha namba ya chini kuliko ukweli. Kabla ya kupima, kirekebishe kwenye hewa yenye unyevu: funga kichwa cha kipimo ndani ya kitambaa kibichi au kikombe chake chenye sifongo lililolowa, subiri dakika 10, kisha weka asilimia 100, ukiwa umeingiza mwinuko wa mahali ulipo. Wanaosahau mwinuko hupata namba za kupendeza zisizo za kweli.

Kama huna, kuna boksi la kupimia kwa matone. Kanuni yake ni ya Lajos Winkler, mkemia wa Hungaria, tangu 1888. Jaza chupa ndogo ya kioo mpaka ifurike bila povu hata moja, tia dawa ya manganizi na ya iodaidi yenye magadi makali, funga, geuza mara kadhaa. Mashapo yakiwa ya kahawia, oksijeni ipo. Yakibaki meupe pe, maji yako hayana oksijeni, hata kabla hujafika kwenye tone la mwisho. Kisha tia asidi, halafu hesabu matone ya dawa ya mwisho ya boksi mpaka rangi ipotee. Vaa glavu, dawa mbili kati ya hizo zinaunguza.

Pima sehemu ya kina kirefu, sentimita 30 kutoka juu na sentimita 20 kutoka chini. Tofauti kubwa kati ya namba hizo mbili alasiri inamaanisha chini kuna ghala la maji mabaya linalosubiri mvua.

Kipimo kinachookoa samaki kuliko vyote ni cha jioni, na kinahitaji namba mbili tu. Pima saa 1 usiku, pima tena saa 4 usiku. Kwa kuwa kushuka kwa usiku ni karibu mstari mnyoofu, unaweza kujua alfajiri itakuwaje kabla ya kulala. Mfano: saa 1 umepata 7.0, saa 4 umepata 5.5. Imeshuka 1.5 kwa saa 3, yaani 0.5 kila saa. Kutoka saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi ni saa 8. Itashuka 4 zaidi, ibaki 1.5. Saa 8 usiku itakuwa 3.5, na saa 9 itakuwa 3. Umeshajua mashine iwashwe saa ngapi, na kama huna mashine, umeshajua mlango wa maji ufunguliwe saa ngapi. Fanya hivi kila siku ya mawingu, na kila siku katika mwezi wa mwisho kabla ya kuvuna, uzito wa samaki unapokuwa juu kabisa.

Dharura: wameshaanza kutweta

1. Usitie chakula. Samaki anapomeng'enya chakula anahitaji oksijeni zaidi, na chakula kisicholiwa kinaoza.

2. Toa gunia la samadi bwawani kama limo. Litoe taratibu, lisimwagike.

3. Fungua maji mapya yaingie juu, yakianguka. Yapitishe kwenye bati lililotobolewa matundu mengi, au yaangukie mawe, ili yagawanyike matone. Kama maji ni ya kisima kirefu, kuanguka huku si hiari. Maji ya kisima mara nyingi hutoka ardhini hayana oksijeni.

4. Bwawa likiwa na bomba la kutolea maji ya chini, litumie kutoa maji ya chini huku mapya yakiingia juu. Usishushe bwawa zaidi ya theluthi moja, na usitoe kabla maji mapya hayajaanza kuingia.

5. Huna maji mapya? Weka pampu, lakini mdomo wa kunyonya uwe sentimita 30 chini ya uso, umefungwa kwenye dumu tupu linaloelea. Rusha maji juu yadondoke kwenye bwawa hilohilo. Ukinyonya chini unaleta juu maji mabaya na tope, na hapo utaua waliokuwa wakijikokota.

6. Usiingie majini. Usivute wavu. Usichokoe tope.

Pampu isikupe matumaini makubwa. Pampu ya inchi 2 ikisukuma mita za ujazo 20 kwa saa, na kila mita ikiongezewa gramu 4 za oksijeni, inaleta gramu 80 kwa saa. Bwawa letu la mfano linakula gramu 150 kwa saa. Kwa hiyo haiwezi kulifufua lote. Inachoweza ni kutengeneza kona moja salama, na samaki wataifuata wenyewe. Elekeza maji yote kona hiyohiyo mpaka jua lipande, yaani saa 3 au 4 asubuhi. Kuhamisha bomba huku na huko ni kosa la kawaida sana. Linawayumbisha samaki na kuiharibu kona uliyoijenga.

Mashine ya kuchapa maji kwa magurudumu hufanya kazi hii vizuri kuliko pampu. Kama unayo, iwashe kwa hesabu ya jioni, kwa kawaida kuanzia saa 6 usiku hadi saa 1 asubuhi, na hakikisha mafuta ya jenereta yanatosha saa hizo zote. Bwawa lililozoea mashine huwa limebebeshwa samaki wengi, na mashine ikizimika saa 9 usiku hakuna akiba.

Vitu vitatu watu hukimbilia ambavyo havifai saa hiyo. Chokaa: hupandisha pH (kipimo cha asidi na magadi), na amonia iliyomo majini inakuwa sumu zaidi. Mrututu wa kuua mwani: utaua mwani wote kwa mpigo, uoze, na kuoza huko kutakula oksijeni iliyobaki. Pamanganeti: haitoi oksijeni ya kumfaa samaki, na ikizidi inamuunguza matamvua.

Siku zinazofuata

Ondoa waliokufa wote asubuhi hiyohiyo. Mzoga unaooza unakula oksijeni ya walio hai. Wafukie mbali na maji, mwaga chokaa juu. Usiuze wala kula samaki uliyemkuta ameelea, maana hujui alikufa saa ngapi wala kama ni hewa peke yake iliyomuua.

Hatari haijaisha. Mara nyingi kilichosababisha ni mwani kufa wenyewe: maji yaliyokuwa kijani yanageuka kahawia au kijivu, na sasa hakuna wa kutengeneza oksijeni mchana. Hali hiyo huweza kuendelea kwa siku kadhaa. Pima alfajiri kila siku. Rudisha chakula pale tu kipimo cha alfajiri kimekaa juu ya 3 kwa siku mbili mfululizo, na uanze kwa nusu ya kiasi cha kawaida.

Oksijeni ipo majini, samaki anakosa hewa

Kuna upungufu usioonekana kwenye kipimo. Samaki wanatweta, kifaa kinasema 6. Kamata mmoja, fungua kifuniko, tazama matamvua. Yakiwa na rangi ya chokoleti badala ya nyekundu, tatizo ni naitraiti: inatokana na amonia, inaingia kwenye damu na kuigeuza hemoglobini isiweze kubeba oksijeni. Tishu zinakosa hewa huku maji yameshiba.

Tiba yake ni chumvi ya kawaida, kwa sababu kloridi na naitraiti hugombania mlango mmoja wa kuingilia kwenye matamvua. Lenga kloridi miligramu 10 kwa kila miligramu 1 ya naitraiti. Gramu 165 za chumvi kwa mita moja ya ujazo hukupa miligramu 100 za kloridi kwa lita, zinazotosha naitraiti ya hadi miligramu 10. Bwawa la mita za ujazo 300 linahitaji kama kilo 50, gunia moja. Iyeyushe kwanza kwenye mapipa, uimwage kuzunguka bwawa lote. Punguza chakula, kwa kuwa ndicho chanzo cha amonia.

Samadi, chakula na idadi

Bwawa la samadi lisilo na mashine libebe sato 2 hadi 3 kwa mita ya mraba. Samadi kavu isizidi gramu 50 kwa mita ya mraba kwa wiki. Bwawa la mita 300 ni kilo 15, na igawe mara mbili badala ya kuimwaga siku moja. Ifunge kwenye gunia lenye matundu, uliegemeze kona moja, ili uweze kuitoa hali ikibadilika. Samadi mbichi ya kuku iliyomwagwa kwa toroli katikati ya bwawa ndiyo chanzo cha vifo vingi vinavyosingiziwa ugonjwa.

Chakula cha kwanza kisitangulie saa 4 asubuhi, oksijeni ikiwa imeanza kupanda, na cha mwisho kisipite saa 10 jioni. Kilo 180 za samaki kwa asilimia 2 ni kilo 3.6 kwa siku. Kama baada ya dakika 20 kipo kinachoelea, umezidisha. Pumba laini iliyomwagwa kavu juu ya maji huzama robo tatu bila kuliwa, ikawa mbolea ya tope. Iloweke, ifinyange, iweke kwenye sinia lililozamishwa unaloweza kulinyanyua na kuona kilichobaki.

Magugu maji na majani yanayoelea yasifunike zaidi ya kona ndogo. Chini ya blanketi la magugu hakuna mwanga, na upepo hauwezi kusugua uso wa maji. Kila baada ya mavuno, kausha bwawa mpaka tope lipasuke nyufa, na lile jeusi lenye harufu ulitoe lote kwa jembe.

Kizimba ziwani

Mwenye kizimba ana ugumu wake: hawezi kupulizia ziwa hewa. Ziwa Victoria lina kina cha juu cha mita 80 hivi, na kwa miezi mingi ya mwaka maji ya juu yenye joto hukaa juu ya maji baridi bila kuchanganyika. Kulinganisha vipimo vya J. F. Talling vya 1960 na 1961 na vile vya miaka ya 1990 kulionyesha maji ya chini yasiyo na oksijeni yakiwa yamepanda na kuenea, kwa sababu ya rutuba inayoingia kutoka mashambani na mijini. Upepo mkali unapoyasukuma maji ya juu upande mmoja, yale ya chini hupanda upande wa pili. Yakikuta kizimba, samaki hawana pa kukimbilia.

Mwisho wa 2020 hadi Januari 2021 sangara wengi walikufa upande wa Uganda, na wizara husika ikaeleza kuwa ni upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba kuyachanganya maji. Novemba 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kisumu walipoteza samaki kwa wingi, na watafiti wa taasisi ya uvuvi ya Kenya, KMFRI, wakataja maji ya chini yaliyopanda.

Sangara na awe kengele yako. Havumilii oksijeni ndogo hata kidogo ukimlinganisha na sato. Wavuvi wakikuta sangara wanaelea nje ya kizimba chako, una muda mfupi sana. Dalili nyingine: maji kugeuka rangi ghafla kuwa meusi au kahawia, harufu ya tope, na maji ya juu kuwa baridi sawa na ya chini. Nunua kipimajoto kinachosoma sehemu ya kumi ya nyuzi, kwa sababu tofauti ya juu na chini hapa ziwani ni ndogo, nyuzi moja au mbili. Pima kila asubuhi kwenye mita 1, mita 5 na chini kabisa, uandike. Siku tofauti inapoyeyuka ni siku ya kusimamisha chakula.

Chagua mahali penye mkondo, si ghuba iliyotulia inayopendeza kwa usalama. Kati ya sakafu ya wavu na tope la ziwa uwe na maji angalau sawa na kina cha wavu wenyewe. Kinyesi na chakula vinavyoanguka vinatakiwa kusombwa, si kurundikana. Panga vizimba mstari mmoja ukikata mkondo, ili kila kimoja kipate maji yake, badala ya kimoja kunywa makombo ya kingine. Wavu ulioota mwani unazuia maji kama ukuta. Uubadilishe na kuuanika kabla matundu hayajaziba nusu.

Msimu wa dhoruba ukikaribia, vuna mapema waliofikia uzito wa soko hata kama bei si uliyoitaka. Hiyo ndiyo hatua pekee ya uhakika, nasi tunaisisitiza kwa sababu ndiyo inayochelewa kila mara. Punguza msongamano, simamisha chakula saa 24 kabla upepo haujaanza kama utabiri umetolewa. Ukitumia mashine ya kupuliza povu, usiitundike chini ya kizimba: povu linapopanda hubeba maji ya chini pamoja nalo. Itundike mita 2 au 3 kutoka juu, ndani ya tabaka lenye oksijeni. Kuvuta kizimba kwa boti hadi maji mazuri kunawezekana kwa mwendo wa polepole sana, ilimradi umeshapima huko unakoelekea. Wavu ukilala kwa kasi, samaki wanasongamana ukutani na kukosa hewa humohumo.

Vifaranga safarini

Mfuko wa vifaranga ni bwawa dogo lisilo na alasiri. Wanyime chakula saa 24 kabla ya safari, ili wasichafue maji. Weka mfuko ndani ya mwingine, tia maji theluthi moja, vifaranga, bonyeza hewa yote itoke, jaza oksijeni ya mtungi theluthi mbili zilizobaki, pindua mdomo na ufunge kwa mpira mara mbili. Usipulize kwa mdomo. Pumzi yako ina hewa chafu ya kaboni. Laza mifuko ubavu, isisimame, ili uso wa maji unaogusa oksijeni uwe mpana. Safiri usiku au alfajiri, mifuko ikiwa kivulini chini ya magunia yaliyoloweshwa.

Ukifika, elesha mifuko ikiwa bado imefungwa dakika 15 hadi 30 joto lilingane. Ukishaifungua usiiache: hewa ya kaboni ikitoka, pH ya maji ya mfukoni hupanda, na amonia iliyojikusanya njiani inakuwa kali papo hapo. Tia maji ya bwawa kidogo kidogo kwa dakika chache, laza mdomo wa mfuko majini, waache watoke wenyewe. Fanya hivyo asubuhi iliyokwisha kuchangamka, kama saa 4, wala si machweo, maana kifaranga aliyechoka akitiwa bwawani jioni anaingia moja kwa moja kwenye saa mbaya za usiku.